Jinsi ya kulitumia neno la Kiingereza "late" bila kujikwaa

Wengi wanaoanza kusoma kwangu wanajua "late" ni kuchelewa, basi. Kwa mtu aliye kituoni anasubiri daladala, hiyo inatosha. Kwa anayeandika salamu za rambirambi, haitoshi hata kidogo. Chukua daftari.

Hatua ya 1: Liambatanishe na "be"

Kwetu "nimechelewa" ni kitenzi kamili, ndiyo maana tunasikia "I have late" na "I will late". Kwa Kiingereza "late" ni kivumishi, kwa hiyo kinahitaji kitenzi pembeni: I am late, she was late, we will be late.

Kuna mtego mwingine hapo. Ile "-me-" ya "nimechelewa" inakuvuta useme "I have been late". Ukiingia kazini wenzako wameshaanza kikao, sema tu "Sorry I'm late". "I have been late" inafaa unapohesabu mara: I have been late twice this week. Na ukisema hivyo mbele ya bosi, umejishtaki mwenyewe.

Tunga sentensi tano za maisha yako kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Umechelewa nini, na kwa muda gani?

Unakokwenda kunatanguliwa na "for": late for work, late for the wedding. Unachodaiwa kinatanguliwa na "with": late with the rent. Muda hukaa mbele ya "late": ten minutes late.

Hatua ya 3: Marehemu

Hapa usiwe na haraka. "My late father" ni marehemu baba. Kwa maana hii "late" hukaa kabla ya jina, likitanguliwa na "the" au neno la umiliki kama "my" na "her": the late Wangari Maathai, her late husband.

Sasa angalia "My father is late". Afrika Mashariki, na hata kusini mwa bara letu, watu husema hivyo wakimaanisha baba amefariki, na msikilizaji anatoa pole. Mwingereza akiisoma sentensi hiyohiyo ataangalia saa na kuuliza mzee atafika lini. Mimi siiti kosa ukiwa Nairobi au Kampala. Ila kwenye mtihani wa kimataifa au barua ya kwenda nje, andika "My father died" au, kwa upole zaidi, "My father passed away".

Halafu, kwetu "marehemu alifariki" ni lugha ya kawaida msibani. Kwa Kiingereza "the late" tayari imeshasema kwamba mtu hayupo, hivyo "The late Nyerere died in 1999" inarudia jambo moja. Andika: Julius Nyerere died in London in October 1999. Ukitaka kutaja kazi yake, hapo ndipo "the late" inapendeza: the late Julius Nyerere translated Shakespeare into Swahili.

Wala usiwape sifa hiyo watu wa kale. Hakuna anayesema "the late Vasco da Gama". Ni ya waliofariki karibuni, au ambao bado tuna watu wanaowakumbuka.

Hatua ya 4: Mwishoni mwa

"In late March" ni mwishoni mwa Machi. "The late 1990s" ni kama 1997 hadi 1999. Mtu aliye "in her late twenties" ana miaka 27 hadi 29. Usiku sana ni "late at night".

Hatua ya 5: Ndugu zake

"Lately" ni siku hizi za karibuni, si kuchelewa. Aliyefika kwa kuchelewa "came late". "Came lately" haifai hapo. "The latest news" ni habari mpya kabisa. Na "at the latest" ni ile "isizidi" yetu. Itakufaa sana kwenye barua za ofisini.

Zoezi

Funika majibu, tafsiri kwanza.

Marehemu babu alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930.
My late grandfather was born in the late 1930s.

Fundi amechelewa nusu saa.
The mechanic is half an hour late.

Leta fomu, isizidi Jumatatu.
Bring the form by Monday at the latest.