Kuvumilia Foleni ya Jioni Bila Kuwaka Hasira

Anayetoka Kariakoo kwenda Mbagala saa kumi na moja jioni anajua kwamba daladala inaweza kusimama mahali pamoja hadi abiria waanze kumtukana konda. Subira ya safari hiyo huandaliwa kabla ya kupanda: kula kitu chepesi na unywe maji, kwa sababu mwenye njaa hukasirika upesi, kisha waarifu walio nyumbani kwamba huenda ukachelewa, ili usihesabu dakika kwa wasiwasi.

Hasira ikianza kupanda, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, uitoe taratibu ukihesabu hadi 6, na urudie kwa dakika chache. Pumzi inayotoka polepole hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na mwili ukitulia, ulimi nao hutulia. Legeza pia mabega na taya, ambavyo wengi wetu huvikaza bila kujua.

Konda akichelewesha chenji, mkumbushe kwa sauti ya kawaida, kwani naye amesimama tangu alfajiri. Hata hivyo, nasisitiza kwamba kuvumilia si kunyamazia hatari: dereva akiendesha ovyo, mwambieni. Ukifika nyumbani, tulia kidogo nje kabla ya kubisha hodi, maana watoto wanaokungoja hawakuwamo katika foleni ile.