Kurudisha usawa wa kigunduzi cha kamera ya gama

Wiki iliyopita mwenzangu alinipigia saa mbili asubuhi kuhusu kamera yake ya gama, ile inayopiga picha kwa mionzi ya dawa aliyodungwa mgonjwa; kila kichwa chake ni kigunduzi kimoja. "Kaka, kichwa cha pili kimeota madoa, na wagonjwa wanne wa mifupa wako nje." Nikamuuliza kwanza kama ameshawadunga. Bado. Basi usidunge, nikamwambia. Kipimo cha mifupa kinasubiri saa 3 hivi baada ya sindano, na mgonjwa akishapokea mionzi halafu kamera ikagoma, ameibeba bure.

Hatua nilizompa za kurudisha usawa, yaani kichwa kione mionzi sawasawa kila sehemu, ndizo hizi. Ni za kamera za kristali ya sodiamu iodaidi, zile ambazo wengi wetu bado tunazitumia.

1. Chanzo

Vua kolimeta, lile bamba la matundu lililo mbele ya kichwa. Weka teknesiamu-99m, dutu ya mionzi tunayodunga wagonjwa, kwenye sindano ya ml 1. MBq 10 (megabekereli, kipimo cha mionzi) zinatosha, hata pungufu. Isimamishe mbele ya katikati ya kichwa, umbali wa mara 5 ya upana wa eneo la picha. Kwa upana wa sm 50, hiyo ni mita 2.5. Hesabu, yaani miale inayosajiliwa, zisizidi 20,000 kwa sekunde. Bamba la kobalti-57 liache kwa ukaguzi wa kila siku, kolimeta ikiwa mahali pake. Gama ya kobalti ina nishati ya 122 keV, si 140 kama ya teknesiamu, na bamba jipya huja na kobalti-56 na 58, ambazo gama zake kali huharibu picha ya usawa mpaka zipungue.

2. Joto la chumba

Hapa usikimbie. Miaka kadhaa nyuma, katika hospitali moja ya pwani, nilipoteza siku mbili kwa sababu ya kiyoyozi. Kilizimwa Ijumaa jioni ili kubana umeme, kikawashwa Jumatatu alfajiri. Saa mbili chumba kilikuwa baridi, nami nikaamini na kichwa kimepoa. Nikarekebisha mirija inayosoma mwanga wa kristali, nikatengeneza ramani mpya ya masahihisho, picha ikatoka safi. Saa sita mchana madoa yakarudi, kila doa la duara na la ukubwa wa mrija mmoja. Nikashuku mrija mbovu, nikabadilisha wawili. Jioni madoa yalikuwa yamehama.

Mirija ya kuzidisha mwanga hupunguza nguvu ikipata joto, na hailingani: mmoja hushuka zaidi, jirani yake kidogo. Mimi niliilinganisha ikiwa bado moto. Kadiri madini yale mazito ya risasi yanayozunguka kigunduzi yalivyopoa polepole, kila mrija ulienda njia yake. Kipimajoto cha ukutani hakikuambii kitu kuhusu ndani ya kichwa.

Kwa hiyo kiyoyozi kifanye kazi usiku kucha, na umeme wa mirija usizimwe hata wikendi. Asubuhi soma kilele cha nishati (pale hesabu zinapokuwa nyingi zaidi), subiri saa nzima, usome tena. Kikiwa kimesogea, usiguse chochote. Na chumba kikiwa cha moto, usikipoze kwa pupa: joto likibadilika nyuzi chache tu ndani ya saa moja, kristali inaweza kupasuka, na bei ya kristali mpya inaweza kufunga kitengo. Kwenye jenereta ya hospitali, kiyoyozi cha chumba hiki kiwe cha kwanza kuunganishwa. Nimegombana na wakubwa kwa hilo, na nitaendelea.

3. Mirija, kisha ramani

Weka kilele kwenye 140 keV, dirisha (nishati zinazokubaliwa) la asilimia 20, yaani 126 hadi 154. Linganisha mirija. Halafu ramani ya nishati, ya unyoofu (mistari isipinde), na ya usawa mwisho kabisa. Anayekimbilia ramani ya usawa anapaka rangi ukuta wenye ufa: mrija unaokufa utafichwa mpaka siku ya SPECT, picha ya pande tatu ambayo kamera huizunguka mwili kuipata, ambapo dosari ndogo ya katikati hugeuka pete juu ya moyo wa mgonjwa.

4. Angalia unyevu

Kristali hii hunyonya maji kama chumvi, na pwani hewa yetu mnaijua. Zima ramani ya usawa, sogeza dirisha chini ya kilele upige picha, kisha juu ya kilele. Vidoa vidogo vinavyong'aa upande wa chini na kufifia upande wa juu ni unyevu umeingia. Hakuna marekebisho yatakayouondoa. Anza kuandika maombi ya kristali leo.

5. Hesabu

Chukua hesabu ya juu kabisa kwenye picha, toa ya chini kabisa, gawa kwa jumla yao, zidisha kwa 100. Ikizidi 5, mimi sipigi SPECT.

Mwenzangu alianza na 7.4. Aliwapa wagonjwa siku ya kesho yake, akalala na kiyoyozi kikiwaka. Asubuhi, kabla hajagusa ramani yoyote, alikuwa na 4.1. Baada ya hatua ya tatu ikawa 2.9, na saa nne alimdunga mgonjwa wa kwanza.