Grili za Mombasa: angalia miguu kwanza, maua baadaye

Wiki moja kabla ya Idd nilikuwa nasugua madirisha ya nyumbani, Bamburi, nikashika grili ya chumba cha wageni ili nifikie kona ya juu. Ikanifuata. Wallahi sikuivuta kwa nguvu, upande wote wa chini ulitoka ukutani na kutu ikamwagika kama majani ya chai, na nondo zenyewe ukizitazama ni nzima kabisa, rangi nyeusi yang'aa, maua yake ya kujikunja yako pale pale. Yaani miaka sita tumelala nyuma ya kitu kilichoegemezwa tu.

Toka siku hiyo mtu akiniuliza habari za grili simwambii aanze na disaini. Mwizi mwenye akili hana haja ya kukata chuma, kukata kuna kelele na kuna cheche, yeye atatafuta pale grili iliposhikana na ukuta aweke mtaimbo agandue. Na hapa kwetu chumvi ya bahari ishamfanyia nusu ya kazi. Kwa hivo anza na miguu, zile ncha zinazoingia ukutani.

Nyumba nyingi za Mombasa ni za bloku za matumbawe, na hilo jiwe si gumu vile watu wanavodhani, skrubu na plagi ya plastiki ndani yake hutoka kama jino la mtoto. Mwambie fundi akuchomelee miguu ya flati bari, kile chuma bapa, miwili kila upande kwa dirisha la kawaida, dirisha kubwa ongeza, na ncha aipasue aipanue kama mkia wa samaki ili isichomoke. Iingie ukutani inchi tatu au nne na izibwe kwa zege, si kwa plasta ile ya kupaka juu juu. Mchanga wa hiyo zege usiwe wa kuchotwa ufuoni, manake una chumvi, na chumvi ikikaa na chuma ndani ya ukuta unajijengea kutu kwa pesa yako mwenyewe. Na ile miguu ipakwe praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, KABLA haijaingia, si baada, baada utapaka wapi. Kama nyumba yajengwa bado, grili itangulie plasta.

Kitu kingine kidogo lakini ndicho kilichoniua mimi: chuma cha chini kisilale juu ya kizingiti cha dirisha. Acha nafasi ya kidole kimoja. Kikilala pale maji ya mvua na vumbi la chumvi hukaa kati yake na simenti, hapakauki, na brashi ya rangi haifiki.

Sasa nondo. Ukienda kwa fundi wa jua kali, iwe Kongowea au Changamwe, utaonyeshwa chuma kigumu cha ndani na nje, na utaonyeshwa skwea tyubu yenye uwazi ndani. Tyubu ni nyepesi, yapendeza, ni rahisi, na mimi siitaki dirisha la chini. Kwanza yakatika haraka. Pili hewa ya bahari ikipata tundu moja tu kwenye maungio yaingia na kutu yaanza ndani usikoona, siku ukiiona nje ndo imeshamaliza. Ukilazimika kuitumia, kila ncha izibwe kwa kuchomelewa. Mimi natumia skwea bari ya milimita 12, ngumu, na nafasi kati ya moja na nyingine isizidi inchi nne, manake mtoto kichwa kikipita mwili utajaribu kufuata. Maungio yachomelewe mzunguko mzima. Kuna mafundi wanashika nukta mbili kisha wanaziba na rangi, wewe pitisha kidole kabla haijapakwa, na ukisikia mwanya mrudishie. Ndo maana nasema usikubali grili iletwe ishapakwa rangi, ije uchi kwanza uione.

Kama mfuko waruhusu, kuna chuma cha kuchovywa zinki, hicho hudumu zaidi ufuoni, ila akikichomelea zinki yaungua pale kwenye kiungo na pabaki pako wazi, kwa hivo pale papakwe rangi ya zinki. Na ule moshi wake mweupe ni sumu, fundi afanyie nje penye upepo na watoto wasisogee. Stenlesi nayo watu wanasema haishiki kutu, muulize muuzaji ni ya aina gani, 304 au 316, karibu na bahari 304 hutokwa na vidoadoa vya kutu, 316 ndiyo yastahimili chumvi.

Ukiweka nondo za kulala nyingi kwenye dirisha la chini umemjengea mtu ngazi ya kwenda ghorofa ya kwanza. Jirani wa juu hatakwambia asante. Nondo zisimame, za kulala ziwe chache.

Halafu kuna wale wa fimbo. Joto letu mnalijua, mwezi wa pili nani atafunga dirisha usiku, na nondo zilizoachana inchi nne hazizuii mti mrefu wenye ndoano. Mtu anasimama nje anavua suruali yako na simu na mkoba kama mtu avuaye changu. Dawa yake ni ile wavu ya chuma wanayoita kofi trei, ichomelewe nyuma ya nondo, upepo wapita na ndoano haipiti. Lakini ujue kofi trei ni nyembamba na kutu huanza nayo, hiyo ndiyo utakayobadilisha mapema. Na wavu wa mbu usidhani wazuia kitu.

Mlango wa grili tazama bawaba. Kama zile pini ziko nje na mlango waweza kunyanyuliwa ukatoka, kufuli la nini? Pini ya juu ifungwe kwa kuchomelewa kichwa mlango ukishapachikwa. Kufuli likae ndani ya kiboksi cha chuma ambacho mkono waingia lakini mkasi mkubwa wa kukatia haupati pa kuuma. Kufuli la shaba ndani ndo zuri kwa hewa yetu, yale ya chuma tupu baada ya kaskazi moja ufunguo hauzunguki.

Kwa mpangaji: kubaliana na mwenye nyumba kabla, kwa maandishi hata ya meseji, grili ni ya nani ukihama. Na walio Mji wa Kale, lile ni eneo la hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa, usibadilishe sura ya mbele ya nyumba kabla hujauliza.

Matunzo yenyewe si kazi kubwa ila yataka mazoea. Mara moja kwa mwezi, na zile zinazotazama bahari kila wiki mbili, pitisha kitambaa chenye maji matamu. Nasema MATAMU. Nshaona mtu Tudor anaosha grili kwa maji ya kisima, yale yale ya chumvi, kila ijumaa kwa bidii, na anashangaa zaoza. Nusu ndoo ya maji ya mtungi yatosha madirisha yote, humwagi, wafuta tu, na zaidi pale chini kwenye miguu na nyuma ya maua, manake urembo wa kujikunja ndo unashika chumvi na mkono haufiki, ndo maana mimi zangu mpya hazina ua hata moja.

Ukiona rangi imevimba kama lengelenge usipake juu yake. Kwangua mpaka uone chuma, brashi ya waya kisha msasa, osha kwa maji matamu utoe chumvi, kausha, futa na thina, na praima ipigwe siku hiyo hiyo, ukiiacha mpaka kesho hewa ya usiku ishairudisha nyekundu. Praima yenyewe ni redi oksaidi, mara mbili, kisha rangi ya mafuta mara mbili, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Wakati mzuri ni kaskazi kavu, mwezi wa kwanza na wa pili, anza asubuhi umande ukishakauka. Masika usijisumbue. Na mguu ukiugonga kwa nyundo ukatoa sauti butu au simenti ikatoka vipande, hapo hapatakiwi rangi, hapo patolewe patiwe mguu mpya.

Nimeacha la moto mwisho lakini fundi mwambie la kwanza. Grili isiyofunguka ni jela. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo kipande cha grili chafunguka kwa bawaba, mtu mzima apite, na ufunguo utundikwe ndani mahali mtoto anafika na mtu aliye nje hafiki. Mimi nilipima kwa mti wa fagio, nikasimama nje nikauingiza wote na mkono wangu, pale ulipokomea nikaongeza hatua moja ndo nikapiga msumari.

Kisha nikazima taa tukajaribu. Mwanangu ana miaka tisa, mara ya kwanza ufunguo ulimponyoka gizani ukapita kwenye nondo ukaanguka nje kwenye mikadi ya mama yake. Tukauokota, nikaufunga kwa kamba ndefu hapo kwenye msumari. Mara ya tatu alifungua kabla sijamaliza kuhesabu ishirini.