Kipimo cha sikio, pua au koo: jiandae hivi kabla hujaenda

Mimi kazi yangu ni kupima usikivu, nakaa kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha kelele, na kila wiki anakuja mtu anasema moja kwa moja nataka MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Namuuliza shida nini, anasema sikio limeziba. Daktari anachungulia na otoskopu, ile tochi ndogo yenye kikoni, anakuta nta imejaa tundu zima, inatolewa, mtu anasikia palepale. Basi naomba tuanzie hapo, picha kubwa ni za baadaye, na wengi huwa hawafiki hata huko. Kinachoamua ni swali ambalo daktari anataka lijibiwe, na wewe ndo unayempa hilo swali.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani andika, hata kwenye simu, ni upande upi (au pande zote), ilianza lini na ilianza ghafla au polepole, na kitu gani kinaizidisha. Andika na dawa zote unazotumia, usisahau za kupunguza damu kuganda kama utachomwa sindano au utakatwa kipande cha nyama, na usiache kuzimeza kwa uamuzi wako, uliza kwanza. Afu tafadhali usichokonoe sikio na pamba za vijiti usiku wa kuamkia kipimo ukidhani unasafisha, unaisukuma nta ndani na sisi tutashindwa kuiona ngoma ya sikio.

Kipimo cha usikivu nakieleza kwa urefu maana hapa ndo naona watu wanajipunja. Siku moja kabla kaa mbali na kelele kubwa, spika, mashine, earphone za sauti ya juu, maana sikio lililochoka linasikia chini ya uwezo wake na majibu yanakuwa mabaya bila sababu. Ukiingia unavalishwa hedifoni, unapewa kitufe, nakuletea milio kuanzia mizito ya 250 Hz hadi myembamba ya 8000 Hz, kila mmoja naupunguza mpaka unakaribia kupotea. Na hapo ndo kosa lilipo! Watu wanangoja wawe na uhakika. Nawaona kupitia kioo, jicho limetulia, kidole kimeshaanza kukaza halafu kinasita, wanabonyeza mlio umeshapita. Bonyeza hata ukihisi kama umeuwazia tu, ndo huo huo tunautafuta. Ukisubiri usikie vizuri karatasi itasema umepoteza usikivu kuliko ulivyopoteza kweli.

Ile karatasi inaitwa odiogramu na unaweza kuisoma mwenyewe. Duara jekundu ni sikio la kulia, X ya bluu ni la kushoto. Kadiri alama inavyoshuka chini ndivyo sauti ilivyohitaji kuongezwa, na kwa mtu mzima kama alama zote ziko juu ya mstari wa 20 au 25 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) usikivu unahesabiwa ni wa kawaida. Kuna alama nyingine zinatoka kwenye kile kifaa tunachokibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kama kwa mfupa unasikia vizuri ila kwa hedifoni husikii, shida iko njiani, nta, maji nyuma ya ngoma, ngoma iliyotoboka, au vile vimfupa vidogo vya nyuma yake. Kama vyote viwili vimeshuka pamoja, shida iko ndani zaidi, kwenye neva au sikio la ndani. Timpanometri, kipimo cha jinsi ngoma ya sikio inavyocheza, nayo ni ya dakika mbili tu, kizibo laini sikioni, unahisi kama presha inapanda kidogo, usimeze mate wala kuongea. Mstari ukitoka bapa kwa mtoto mara nyingi ni maji nyuma ya ngoma.

Watoto wachanga wana kile cha OAE, kidude kidogo sikioni kinasikiliza mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani, hakiumi na mara nyingi mtoto amelala zake. Wakihitaji BERA, ile ya kubandika nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio kuona kama neva inapeleka sauti kwenye ubongo, mtoto lazima alale fofofo. Kuna mama alimwamsha mwanawe alfajiri ili amchoshe kama alivyoelekezwa, mtoto akalala kwenye gari njia nzima, akafika macho makavu anacheka na kila mtu, tukakaa masaa mawili akagoma kulala, wakarudi siku nyingine. Dada zangu, njiani mwimbie, mchezeshe, mfungulie dirisha, fanya lolote asisinzie, na titi mpe mkifika.

Kamera ya puani inaogopwa bure. Ni mrija laini wa milimita 3 au 4 hivi, unapuliziwa dawa ya ganzi na ya kufungua pua kwanza, dawa ni chungu na inashuka kooni mpaka unahisi kama huwezi kumeza, unaweza tu, ni ganzi. Kaa wima, pumua taratibu kwa pua hata kama mdomo unakuvuta, na ukiambiwa sema iii sema kwa nguvu ili waone nyuzi za sauti zikikutana. Ukimaliza usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, kama saa 1 hivi, usije ukapaliwa. Sauti ikikauka zaidi ya wiki 3 au 4 bila kupona, hiki ndo kipimo chako, hasa kama unavuta sigara, na usikubali kuendelea kupewa dawa za kikohozi tu.

CT na MRI watu wanazichanganya sana. CT, ile eksirei ya kompyuta, inaona mifupa, kwa hiyo inafaa sainasi (vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso) kabla ya upasuaji na mifupa ya sikio, inachukua dakika chache. Usiende kufanya CT ya sainasi ukiwa na mafua mabichi, kuta zitaonekana zimevimba hata kama huna ugonjwa wa kudumu. Eksirei ya kawaida ya sainasi inakosa mengi, binafsi siipendi. MRI inaona nyama laini na neva, ndo inaagizwa usikivu ukishuka au mlio ukikaa sikio moja tu, ina kelele kubwa na unalala nusu saa au zaidi. Sema mapema kama una kifaa chochote cha chuma mwilini, hasa cha moyo au cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa. Wakitaka kukuchoma dawa ya kufanya picha ionekane vizuri zaidi, waambie kama una shida ya figo, au aleji, au una mimba.

Kizunguzungu cha kugeuka kitandani wala hakihitaji picha mara nyingi. Unakalishwa, kichwa kinageuzwa nyuzi 45, unalazwa haraka kichwa kikining'inia kidogo, daktari anakuangalia macho. Usiyafumbe hata dunia ikizunguka, jibu liko humo machoni, na palepale anaweza kukugeuza kwa hatua chache ukapona.

Uvimbe wa shingo unaanza na ultrasaundi, afu sindano nyembamba inayovuta seli. Kipimo cha aleji cha kudonoa ngozi kinataka uwe umeacha dawa za aleji siku kadhaa, uliza ngapi kwa dawa yako.

Lakini kuna mambo mawili hayangoji miadi. Sikio likiacha kusikia ghafla ndani ya siku moja mbili, nenda leo, dawa yake ina muda. Na mtoto akiingiza betri ya kidonge (ile ndogo bapa ya saa au rimoti) puani au sikioni au akaimeza, kimbieni saa hiyohiyo, inaunguza nyama ndani ya masaa 2, na usimtie maji wala matone sikioni.

Ukitoka chukua nakala yako ya odiogramu, na kwa CT na MRI omba diski yenye picha zenyewe, ripoti peke yake haitoshi, daktari wa upasuaji atataka kuziona kwa macho yake na sisi mwaka ujao tutataka tulinganishe.