Mafua yamekubana nawe unameza imatinibu, dawa ya saratani ya damu? Iache ile bahasha ya dukani

Bahasha ninayoisema ni ile ndogo ya karatasi ambayo muuzaji huiandika "1×3" kwa kalamu, akaikunja na kukupa. Mimi nilipewa mwezi wa saba mwaka juzi, baridi ya Uluguru imetushukia hapa Morogoro, na juu ya meza yangu ya cherehani nina oda ya sare 40 za shule. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi tatu, vimeshatolewa kwenye pakiti zake, havina jina wala tarehe. Nikameza siku mbili. Siku ya tatu nilipopiga mswaki nikatema mate mekundu, na mchana damu ya pua ikadondokea shati jeupe la mtoto wa watu. Kliniki walipopima FBP, yaani picha kamili ya damu, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 58,000. Kawaida huanzia 150,000. Kimoja kati ya vile vidonge kilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayozuia chembe sahani kufanya kazi yake.

Nina CML, saratani ya damu ile inayokwenda polepole, huu mwaka wa sita. Nameza imatinibu miligramu 400 kila siku, nikishakula, kwa glasi kubwa ya maji. Nafanya kazi, naenda harusini, na mafua yananipata kama yanavyowapata wengine. Ila kuyatibu ndiko kunakotaka akili kidogo.

Kabla hujameza chochote, pima joto. Nasisitiza kabla, kwa sababu parasetamoli inashusha homa, na homa ndiyo inayotuambia kwamba huenda kuna kitu kibaya kimeingia, hasa chembe nyeupe zikiwa zimepungua. Ukiishusha kwanza, umejiziba masikio. Mimi kipimajoto kinakaa kwenye kopo la sindano na nyuzi, hivyo sikitafuti. Kikisoma 38 sinunui dawa yoyote. Naipigia simu kliniki na kwenda hospitali, hata iwe saa tano usiku. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo nikiona 37.5 naanza kutafuta nauli.

Na kwa kuwa huku kwetu homa ikianza jirani wa kwanza atakwambia "meza mseto", pima malaria kwanza. Ikionekana, itibiwe siku hiyohiyo, hilo halina mjadala. Ila kitaje kidonge chako cha saratani kwa anayekuandikia dawa, hasa kama ni nilotinibu, dawa nyingine ya CML, maana nilotinibu na mseto vyote vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Sasa dukani. Siku hizi nanunua dawa ikiwa ndani ya pakiti yake, na dawa yenye kitu kimoja tu ndani. Vidonge vya mafua vya mchanganyiko vingi vina parasetamoli, kitu cha kukausha kamasi, kitu cha mzio kama kile cha Piriton, na pengine kafeini juu yake. Tatizo langu kubwa ni hiyo parasetamoli iliyojificha. Piga hesabu na mimi: mchanganyiko wenye miligramu 500 kila kidonge, viwili mara tatu, ni gramu 3. Kichwa kikiendelea kuuma ukaongeza Panadol mbili mara tatu, umefika gramu 6, na mtu mzima asiye na ugonjwa wowote mwisho wake ni 4. Imatinibu nayo inapita kwenye ini hilohilo, na maelezo yake yanaonya kuhusu kuichanganya na parasetamoli nyingi. Daktari wangu amenikatia gramu 3 kwa siku, na zisizidi siku tatu bila kumwambia. Wewe muulize wako kikomo chako.

Aspirini, brufeni, diklofenaki: sivigusi, viwe vidonge au sindano, kwa sababu vinarahisisha damu kutoka. Aspirini ni mjanja, kwenye boksi inaweza kuandikwa acetylsalicylic acid, kwa hiyo soma hadi maandishi madogo. Vya kukausha kamasi, fenilefrini na sudoefedrini, vinapandisha presha. Mwenye presha au matatizo ya moyo aviache. Mimi pua naisafisha kwa maji yaliyochemka yakapoa, glasi moja na chumvi isiyozidi nusu kijiko cha chai. Piriton huwa nameza moja usiku, mchana hapana, ilishawahi kunifanya nishonee mkono wa shati kinyume.

Antibayotiki haitibu mafua. Lakini kijana wa dukani atakupa tu, kwa nia njema kabisa. Erithromaisini na klarithromaisini zinaifanya imatinibu ijae mwilini kuliko inavyotakiwa. Mimi husema, "Mwanangu, nina dawa ya saratani ya damu, nipe parasetamoli tupu," na ninamwonyesha boksi la imatinibu nililolipiga picha kwenye simu. Akishaliona habishani.

Chai ya tangawizi, limau na asali, kunywa. Balungi usile wala usinywe juisi yake, linaongeza dawa kwenye damu. Mizizi na maji ya majani aliyokuchemshia shangazi, mshukuru na uyaweke. Hayana kipimo, na ini letu lina kazi nyingine.

Imatinibu yenyewe usiiache kwa sababu ya mafua. Ukiitapika, usirudie, subiri saa yako ya kesho. Ukiisahau, imeze ukikumbuka, ila saa ya inayofuata ikiwa karibu iruke, na usimeze mbili kufidia.

Wanaotumia dasatinibu, nayo ni dawa ya CML, wajihadhari na kikohozi kikavu kinachokuja na pumzi fupi, hasa wakilala chali. Dawa hiyo inaweza kujaza maji pembeni mwa mapafu, na hapo sirapu ya kikohozi ni kupoteza hela na muda. Inatakiwa eksirei.

Kikohozi kikifika wiki mbili, kwa dawa yoyote unayotumia, peleka makohozi yapimwe TB. Ikikutwa, kliniki ya TB na kliniki ya damu zijuane kabla hujaanza vidonge, kwa sababu rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB inaishusha sana imatinibu kwenye damu, na daktari itabidi apange upya dozi au dawa.