Somo: Kujenga Jukwaa la Jiko la Kuni Juu ya Sakafu ya Mbao, Pamoja na Majibu ya Maswali

Kila mwaka, mvua za masika zinapokwisha na baridi ya Juni kuingia Nairobi, maswali huanza kunifikia kutoka Karen, Lang'ata, Ngong na Tigoni, na karibu yote ni swali lile lile: mtu amenunua jiko la chuma la kuni lenye dohani, anataka kuliweka sebuleni juu ya sakafu ya mbao au juu ya mkeka wa mbao (zulia la plastiki lenye sura ya mbao), na anauliza kama vigae vichache chini yake vitatosha. Nimelijibu swali hilo kwa vipande vipande kiasi cha kuchoka, kwa hiyo leo ninaandika somo zima mahali pamoja, na ninaomba kila mwenye swali alisome hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Jukwaa la jiko lina kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kupokea cheche na makaa yanayoanguka mlango unapofunguliwa. Ya pili ni kuzuia joto linaloshuka kutoka tumbo la jiko kwa saa nyingi mfululizo lisifike kwenye mbao. Kitu chochote kisichoungua kinaweza kufanya kazi ya kwanza, lakini kigae, jiwe na bati haviungui na bado hupitisha joto vizuri sana. Karibu kila kosa ninaloonyeshwa limetokana na kuzichanganya kazi hizi mbili.

Hatua ya kwanza: soma kijitabu cha jiko lako. Majiko mengi yanayotoka Uingereza yamepimwa na kuthibitishwa kwamba hayapashi sakafu kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na kanuni za huko huruhusu majiko ya namna hiyo yakae juu ya kifuniko kisichoungua chenye unene wa milimita 12 tu, ilhali jiko ambalo halikuthibitishwa hivyo hudaiwa sakafu imara isiyoungua yenye unene wa milimita 125. Ndiyo maana mnaona picha za majiko yaliyokaa juu ya kioo chembamba. Picha hizo haziwahusu ninyi mpaka kijitabu cha jiko lenu kiseme hivyo.

Hatua ya pili: pima eneo. Kipimo cha Amerika Kaskazini, ambacho ninakipendelea kwa sababu ni kipana, ni milimita 450 mbele ya mlango wa kutilia kuni na milimita 200 pande nyingine. Kwa jiko lenye upana wa milimita 500 na kina cha milimita 450, jukwaa litakuwa na upana wa 900 na kina cha 1,100. Kama jiko lina mlango wa ubavuni pia, upande huo nao upewe 450.

Hatua ya tatu: mpe fundi wa kuchomelea vipimo akutengenezee fremu ya chuma cha pembe itakayobeba matabaka yote yanayofuata, kisha uisawazishe kwa pima maji.

Hatua ya nne ni kinga ya joto, na hapa ninaomba utulivu wa msomaji, kwa sababu hapa ndipo majukwaa mengi huharibika bila mtu kuona. Vijitabu vingi vya majiko ya Marekani hutaja kiwango cha ukinzani wa joto kwa herufi R. Kila tabaka lina ukinzani wake, ambao hupatikana kwa kugawanya unene wake kwa mita na uwezo wa kitu hicho kupitisha joto (upitishaji, ambao huandikwa kwa W/mK), na matabaka yote hujumlishwa. Kigae cha milimita 10 chenye upitishaji wa takriban 1 hutoa 0.01 peke yake. Bodi ya kalisi silikati, yaani bodi ngumu isiyoungua ya kuzuia joto, ya milimita 25 yenye upitishaji wa 0.1 hutoa 0.25, yaani mara 25 ya kigae hicho, na kuipata kinga hiyo kwa zege kungehitaji unene wa zaidi ya robo mita. Tahadhari ya kwanza ni kwamba R ya Kimarekani haitumii vipimo vya mita; igawanye kwa 5.68 kabla ya kuilinganisha na hesabu yako. Kijitabu kikidai R ya 1.2, unahitaji takriban 0.21, na bodi niliyoitaja inatosha. Tahadhari ya pili ni kwamba bodi zinafanana kwa macho bila kufanana kwa kazi: zipo bodi za kalisi silikati nzito za kuta ambazo upitishaji wake ni mkubwa zaidi, na bodi ya jipsamu, ambayo muuzaji anaweza kukupa kwa nia njema, ina karatasi juu yake na hupoteza maji yake na nguvu yake inapopashwa moto kwa muda mrefu. Dai karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na kama haipo, usinunue. Tahadhari ya tatu ni kutotumia kinga laini, kama pamba ya mawe, chini ya vigae, kwa sababu uzito wa jiko huibana, vigae hupoteza msingi na grauti (saruji inayojaza nafasi kati ya vigae) hupasuka kando ya kila mguu wa jiko. Tahadhari ya nne, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: usikubali fundi aweke plaiwudi juu ya kinga ili apate mahali pa kukaza skrubu. Hapo kinga itakuwa inailinda sakafu huku plaiwudi ikikaangwa kati yake na vigae.

Hatua ya tano: funika kinga kwa bodi ya saruji isiyo na asbesto, kisha ubandike vigae kwa gundi ya unga yenye asili ya saruji, si ile ya ndoo iliyokwisha kukorogwa, ambayo hulainika kwa joto. Tumia mwiko wenye meno na uhakikishe gundi imeenea chini ya kigae chote, kwa maana mfuko wa hewa chini ya mguu wa jiko ndio mwanzo wa ufa. Jiwe la Mazeras hupendeza sana hapa. Mawe ya mtoni msiyatumie, kwa kuwa maji yaliyonaswa ndani yake yanaweza kuyapasua kwa kishindo.

Hatua ya sita: jaza grauti, usafishe, na uache saruji ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko. Moto wa kwanza na wa pili iwe midogo.

MASWALI NA MAJIBU

Mkazi wa Kasarani: Sijasoma yote kwa sababu ni ndefu. Je, vigae viwili juu ya mkeka wa mbao vitatosha?

Jibu: Havitatosha. Mkeka huo ni plastiki na lazima uondolewe chini ya jukwaa. Soma hatua ya nne.

Mama wa Ngong: Shikamoo, mwalimu. Jiko langu lilitengenezwa na mafundi wa jua kali, halina kijitabu wala kibandiko chochote, na miguu yake ina kimo cha milimita 120. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mama, na ahsante kwa kupima kabla ya kuuliza. Kwa jiko lisilo na cheti ninafuata kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 211, ambayo huangalia kimo cha miguu. Miguu ikiwa chini ya milimita 50, jiko lisikae juu ya sakafu inayoungua hata kidogo. Ikiwa kati ya 50 na 150, kama yako, panga matofali yenye matundu ya unene wa milimita 100, matundu yakiwa yamelala na kuelekeana ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ufunike kwa bati tambarare la geji 24 (unene wa takriban milimita 0.6). Ikipita 150, matofali yasiyo na matundu ya milimita 50 pamoja na bati hilo yanatosha. Unaweza kumwomba fundi aongeze miguu, mradi upime upya bomba la moshi. Tena jiko kama hilo likae milimita 910 kutoka ukuta wa mbao. Ukiweka bati la geji 24 lililoachana na ukuta kwa milimita 25, likiwa wazi chini na juu ili hewa ipande nyuma yake, umbali huo unaweza kupungua hadi takriban 300.

Fundi wa Rongai: Mimi nimebandika vigae juu ya plaiwudi kwa miaka mingi na sijasikia nyumba iliyoungua. Mnawatisha wateja bure.

Jibu: Ndugu yangu, simtishi mtu. Ubao mpya huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili ushike moto, lakini ubao unaopashwa joto la chini kwa miezi na miaka hubadilika polepole kuelekea makaa, na kiwango cha kushika moto hushuka. Plaiwudi uliyoiweka ipo chini ya vigae, hivyo hakuna anayeiona ikibadilika rangi. Fungua jukwaa moja la zamani utazame, kisha turudi kuzungumza.

Mkazi wa Limuru: Nina mabamba ya asbesto yaliyobaki kutoka paa la zamani. Hayaungui, kwa nini nisiyatumie?

Jibu: Usiyakate, usiyatoboe, usiyavunje. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, inaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni.

Mwanafunzi wa uhandisi: Nimeona mafundi wa Shauri Moyo wakishikiza kauri ndani ya majiko ya makaa kwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, yaani chembe nyepesi za madini zenye hewa ndani. Je, mchanganyiko huo unaweza kuchukua nafasi ya bodi?

Jibu: Swali zuri sana, na ninafurahi kwamba umelitoa kwenye kazi ya mikono yetu wenyewe. Mchanganyiko huo umetumika katika jiko la kauri la Kenya tangu miaka ya 1980, na vemikulaiti huchimbwa humu nchini. Kwa jukwaa, jaribu ujazo 1 wa saruji kwa 6 wa vemikulaiti, maji kidogo tu, na ushindilie taratibu bila kuzivunja chembe, kwa sababu hewa iliyomo ndani yake ndiyo inayozuia joto. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Tabaka hilo ni dhaifu, hivyo miguu ya jiko ikae juu ya bamba la jiwe au zege linalosambaza uzito. Tena hushika maji kwa muda mrefu, na likiwa bado bichi hupitisha joto kwa wingi. Mwaga bamba dogo la majaribio, ulipime uzito kila wiki, na usifunike jukwaa mpaka uzito wa bamba hilo uache kushuka.

Mkazi wa Umoja: Sina dohani. Naweza kuwasha jiko la makaa juu ya jukwaa hili usiku watoto wakilala?

Jibu: Hapana, usifanye hivyo hata usiku mmoja. Jukwaa hulinda sakafu, halizuii hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Dada wa Lang'ata: Majivu niyatoe lini? Mfanyakazi wangu huyaweka kwenye boksi la karatasi kando ya jiko.

Jibu: Dada, mwonyeshe leo hii ndoo ya chuma yenye kifuniko. Kaa dogo lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai kwa siku kadhaa. Ndoo yenyewe isiwekwe juu ya mbao. Itoeni nje, juu ya zege au udongo.

Mpangaji wa Kilimani: Naishi ghorofa ya tatu, dohani ipo, na mwenye nyumba amekubali kwa maandishi. Nataka jukwaa nitakaloondoka nalo. Je, nitumie graniti?

Jibu: Graniti ya milimita 20 ina uzito wa takriban kilo 54 kwa mita ya mraba, kwa hiyo jukwaa la mita 1.2 kwa 1.2 litakuwa na kilo 78 za jiwe peke yake, kabla ya fremu, bodi na jiko. Kwako ninashauri vigae vya milimita 10, ambavyo kwa eneo hilo havifiki nusu ya uzito huo. Mwombe fundi achomelee vishikio viwili kila upande wa fremu, na ubandike vipande vya raba chini yake ili mbao zisikwaruzwe mtakapolitoa.