Matete ya Maji Taka Si Majani ya Ng'ombe

Kupanda matete na mafunjo kwenye bwawa la kokoto ili yachuje maji ya mtaro kabla hayajafika kwenye mchicha ni kazi nzuri, na baadhi yenu huku Jomvu, Mikindani na Changamwe mmeijua vizuri. Kinachoniudhi ni kinachofuata. Matete yakishakatwa, yanaishia kwenye hori la ng'ombe au shimo la mboji!

Risasi na kadimiamu, metali zenye sumu zilizomo kwenye maji ya mtaro, haziozi. Mmea hauzimalizi, unazitoa majini tu na kuziweka mwilini mwake. Nyingi hubaki mizizini, ila kadimiamu hupanda hadi majanini kwa urahisi zaidi. Ukimlisha ng'ombe, zinahamia kwenye maini na figo, na risasi huingia hata kwenye maziwa. Ukizifanya mboji, umezirudisha kwenye lile lile tuta la mchicha ulilotaka kulikinga, na kuchemsha mboga hakuzitoi. Kuchoma nako kunatia sumu kwenye moshi na majivu. Baada ya yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru, kitongoji kilichotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, sidhani kuna mtu Mombasa wa kuelezwa risasi humfanya nini mtoto.

Kateni mara mbili kwa mwaka: mapema Machi kabla ya masika, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Acha kisiki cha sentimita 20. Anayengoja majani yakauke na kuanguka yenyewe amejichosha bure, kwa sababu yakioza humo metali inarudi majini.

Anika kwenye turubai, chini ya paa, kamwe si juu ya udongo. Kisha funga kwenye magunia yasiyovuja na umpe mzoaji mwenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Jaa la Mwakirunge si mahali pake. Tope la bwawani nalo ni hivyo hivyo. Si mbolea, hata likiwa jeusi namna gani.

Bwawa la kokoto liwe na kina cha sentimita 60, maji yasimame sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto, yakae siku 5 hadi 7. Mbili hazitoshi. Gugu maji msilete: ni kwekwe sugu, na maji ya chumvi huliua.

Matete yakichipua upya, bwawa li hai.

Lakini maji kuwa maangavu hakuthibitishi kitu. Kinga sampuli kwenye bomba la kutokea, kwa chupa safi ya plastiki, uipeleke maabara. Kadimiamu isizidi miligramu 0.01 kwa lita, kiwango cha maji ya kumwagilia cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ikizidi, funga bomba la shambani siku hiyo hiyo.